Kiswahili cha Lord Derrymoyle

Lady Grania amefariki. Nilipata habari hizo Jumanne mchana kwenye chumba cha chai cha wodi yetu, viatu nimevivua, miguu nimeiweka juu ya kiti cha pili, mkononi nina sambusa iliyopoa. Ujumbe ulitoka kwa mpwa wa marehemu mumewe: shangazi alilala hakuamka, mazishi ni Ireland, nilidhani ungependa kujua. Muuguzi mwenzangu, msichana wa Kisii ambaye hakuna kinachompita, akanitazama akauliza, "Sista, umefiwa?" Ningemjibu nini? Yule mama alinifungia ndani ya nyumba yake mwaka mzima wa ujana wangu, na baada ya hapo tukatumiana kadi za Krismasi kwa zaidi ya miaka ishirini. Nikamwambia, "Ni mtu niliyewahi kukaa kwake," nikamaliza sambusa yangu. Lakini jioni, ndani ya basi la kurudi Thamesmead, nilijikuta nalia mbele za watu, mimi ambaye si mtu wa kulia ovyo, na aliyekuwa ananiliza si yeye. Ni baba yake. Binti alipokuwa hai nilimfungia mdomo habari za baba. Sasa hayupo, na mimi nimechoka kukaa nazo peke yangu.

Mwaka ule nilikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, nafagia wodi za hospitali moja ya hapa London huku nikingoja masomo yangu ya uuguzi yaanze. Kazi ya kufagia ina raha yake moja: hakuna anayekuona. Watu husema mambo yao yote juu ya kichwa chako. Asubuhi moja nikiwa napiga mopu koridoni, nikasikia kutoka chumba cha pembeni, chumba cha wenye nafasi zao, sauti nzito ya kizungu inanguruma: "Lete maji! Wewe! Hapana sikia? Lete maji moto, pesi pesi!" Nilisimama nikashika ukuta. Mlangoni palikuwa na wauguzi wawili na mwanamke mrefu mwenye koti la kijani, macho yamemvimba kwa kulia, anasema kwa Kiingereza, "Ni hivi tangu kiharusi kimpate. Kelele tu. Daktari anasema maneno yamevurugika, yanatoka takataka." Takataka! Nikajipenyeza katikati yao, nikamimina maji kwenye kikombe, nikamshikia mzee kichwa akanywa. Akashusha pumzi. Akaniangalia kwa jicho lake moja lililokuwa bado linafunguka sawasawa, akasema, "Saumu. Wewe nachelewa wapi?" Mimi naitwa Mshai, si Saumu, lakini huwezi kubishana na mgonjwa. Nikamjibu, "Samahani Mzee, nilikuwa nafagia." Yule mwanamke akanishika mkono kwa nguvu mpaka nikaumia. Akaniuliza, "Umemwelewa? Unaelewa anachosema?" Nikamwambia ndiyo, madam, anasema lugha yetu.

Basi ndivyo nilivyoingia kwenye ile nyumba ndefu nyeupe nyuma ya Edgware Road, upande wa bustani kubwa. Mzee alikuwa Earl, yaani bwana wa kurithi, wa Derrymoyle, jina la mahali fulani penye mvua huko magharibi ya Ireland ambako babu zake walikuwa na jumba na mto wenye samaki. Maisha yake niliyasoma ukutani, kwenye picha zilizojaza chumba chake cha ghorofa ya kwanza kuanzia mlangoni hadi dirishani. Hapo ni mtoto wa miaka mitatu juu ya farasi, Njoro, ambako baba yake alikwenda kufungua shamba la ngano baada ya jumba la Ireland kuungua. Hapo yuko mapajani mwa yaya wake wa Mombasa, Saumu mwenyewe, mama mnene wa leso na kipini, anamcheka mpiga picha. Hapo ana miaka kumi, suti ya shule, uso umekunjamana kwa baridi, amerudishwa Ulaya kusoma. Kisha ni mwanasiasa. Ukuta mzima siasa: amesimama jukwaani, amesimama na mawaziri, amesimama katika joho jekundu la Bunge la Mabwana pale Westminster, ambako aliketi kwenye kiti alichorithi na akahutubia kwa zaidi ya miaka thelathini. Alisemea wakulima wa Ireland, mpaka wa nchi hiyo, wahamiaji waliokuja London kujenga barabara, na zaidi ya yote mito na samaki. Alipenda kusema. Mwaka ule waliamua kuwatoa mabwana wa kurithi, naye akajiandalia hotuba ya kuaga, kila siku anaifanyia mazoezi bafuni. Wiki aliyokuwa aitoe, kiharusi kikamdaka. Kikabeba Kiingereza chote, chote kabisa, hata yes na no. Alikisikia, lakini ulimi ulikikataa. Kilichobaki ni Kiswahili cha utotoni, na cha kwake kilikuwa kile cha wazungu wa mashambani, amri tupu, wewe lete, wewe toa, mimi hapana taka.

Lady Grania alikuwa mtoto wake wa pekee, mjane asiye na watoto, na alimpenda baba yake kupita kiasi. Nasema hivi ili nisimwonee. Aliniomba nikae mwaka mmoja. Nafasi yangu ya chuo ilikuwa ianze mwezi ule ule, naye akasema hilo si tatizo, ataandikia chuo waniahirishie, na mwaka ukiisha yeye mwenyewe atanidhamini kwa karatasi zote. Chuo kikakubali, kikasema ni mara moja tu, mwaka wa pili nafasi inakwenda kwa mwingine. "Nipe pasipoti yako niiweke kwenye sefu," akaniambia siku ya kwanza, "nyumba hii ina mafundi wanaingia na kutoka." Nikampa. Nilikuwa mgeni, nimelelewa kumheshimu mkubwa, na yeye aliongea kwa upole. Chumba changu kilikuwa kando ya chumba cha Mzee, kimetenganishwa na mlango usiofungwa. Kilikuwa na kitanda chembamba, sinki, na dirisha lililotazama ukuta wa nyumba ya nyuma. Ukichungulia sana pembeni uliona kipande cha Edgware Road: kona ya mkahawa wa Waarabu na miguu ya watu wanaopita. Nilijua watu kwa viatu vyao.

Siku zetu zilikuwa za kula. Asubuhi uji, kwa sababu alikataa kila kitu kingine mpaka nilipompikia uji mwepesi wa ndimu, akaunywa wote akasema "Zuri. Lete ingine." Mchana mpishi aliyekuwa akija kutwa, mama wa Kireno asiyecheka, alitupandishia viazi vya kuchemsha, figo, na kabichi iliyokosewa adabu. Ijumaa ilikuwa samaki wa mvuke, mweupe, hana chumvi wala rangi. Mzee aliyesemea samaki bungeni miaka yote hiyo hakuwala hata kwa dawa! Akimwona sahanini anapiga meza, "Hapana taka samaki! Toa! Toa hii!" na Lady Grania ananigeukia, "Anasemaje?" ingawa hata paka angeelewa. Jioni nilimsongea ugali kwa unga niliouchukua Edgware Road, na mboga ya majani niliyoikaanga kwa kitunguu na nyanya. Mara ya kwanza alikula kwa mkono wake mzima, anamega, anabonyeza shimo kwa kidole gumba, anachota, mbele ya binti yake na vyombo vyote vya fedha vya mezani. Lady Grania akaweka uma chini. Sikujua kama atanifukuza au atacheka. Akasema, "Sijawahi kumwona akila hivi," akaondoka mezani akifuta macho.

Jumanne walikuja marafiki zake wa bungeni, mabwana wawili nao wametolewa, mmoja mnene anayepumua kwa mdomo, wa pili kiziwi. Walikula chakula cha mchana nasi na kumzungumzia kana kwamba hayupo. "Unakumbuka alivyosimama saa nzima akisemea samaki wa samoni?" anasema mnene. "Nani?" anasema kiziwi. "Yeye. Nusu ya Bunge ililala." "Mimi nililala," anasema kiziwi, "ilikuwa hotuba nzuri sana." Mzee anasikiliza, shingo imesimama mishipa, ananiambia, "Ambia huyu nono, yeye nakula sana, nyumba yake hapana chakula?" Nami namgeukia bwana yule kwa Kiingereza changu cha adabu, "Lord Derrymoyle anafurahi kuona una hamu ya kula." Mzee alikuwa akielewa Kiingereza changu vizuri, maana mabega yalimcheza. Huo ndio ulikuwa mchezo wetu. Kwa nusu ya kwanza ya mwaka ule nilicheka sana, nisiseme uongo. Alikuwa na kiburi cha mabwana, alinipigia kelele, aliniita Saumu, lakini nikimkata kucha alikaa kimya kama mtoto, na nikiumwa kichwa alijua kabla sijasema.

Kilichoharibu mambo ni mlango. Asubuhi moja ya Februari Mzee aliamka, akavaa koti juu ya pajama, akashuka ngazi kwa kujikokota na kwenda zake barabarani, anaelekea bungeni. Alikutwa Marble Arch, viatu vya chumbani, anamwamrisha polisi amwitie gari kwa Kiswahili. Tangu siku hiyo mlango mkubwa ukawekwa makufuli mawili na funguo zikakaa kwenye mfuko wa Lady Grania. Mzee asitoke. Sawa. Lakini nani anakaa na Mzee? Alhamisi alasiri ilikuwa nafasi yangu ya kutoka. Nilikwenda Edgware Road kununua tangawizi na iliki, nikakaa mkahawani na kahawa moja nikisikiliza akina mama wa Kiomani wakisema Kiswahili cha Unguja kwenye meza ya jirani, nikahisi mimi mtu. Alhamisi moja nimerudi nikakuta nyumba nzima imesimama, Mzee amepiga kelele mpaka sauti imekauka, hakuna aliyejua anataka nini. Alitaka choo tu. Lady Grania akaniambia, "Mshai, tafadhali, pumziko lako upumzikie humu ndani." Nikakubali kwa wiki moja. Wiki ikawa mwezi. Kanisa likaenda, harusi ya rafiki yangu kule Hayes ikaenda, na watoto wa dada yangu Mkamburi, walioko huku huku Thamesmead, wakaanza kumuuliza mama yao kwa Kiingereza kama Auntie Mshai alirudi Kenya. Nilikuwa natembea kutoka dirisha la mbele hadi la nyuma, la nyuma hadi la mbele. Nilianza kuota barabara. Ndoto nzima natembea tu, siendi kokote.

Juni nikajikaza. Nilimfuata Lady Grania kwenye chumba cha kahawa, nikasimama mbele yake mikono nyuma. "Madam, chuo kinaanza Septemba. Tulisema mwaka mmoja." Akaweka gazeti chini. Akasema, "Njoo ukae," na aliponikaribisha kukaa nikajua mambo yameharibika. Akasema mimi ni mmoja wao sasa. Akasema bila mimi baba yake ni mtu aliyezikwa hai. Akasema ataandika tena chuoni, atazungumza na mtu anayemfahamu, Krismasi tutaona. Nikamwambia chuo hakiahirishi mara ya pili. "Watakubali," akasema. Nikamwuliza pasipoti yangu. Akaniangalia kwa huruma ya kweli, ndiyo iliyonitisha, akasema, "Kama angekuwa hasemi lugha yako, Mshai, ningekufungulia mlango leo hii. Lakini anasema. Niambie, ungekuwa wewe ni mimi, ungefanya nini?" Swali hilo ninalo mpaka leo. Nilirudi juu nikamkuta Mzee anataka mto, nikampa mto.

Jumapili nilimpigia dada simu. Simu ilikuwa kwenye chumba cha Mzee, juu ya meza ya dirishani, na kila Jumapili alasiri alikuwa akisinzia kwenye kiti chake huku mimi naongea. Na hapa niseme kitu kuhusu sisi waswahili wa London. Tukishaona nyuso nyeupe zimetuzunguka tunajiachia. Ndani ya basi tunazungumzia talaka, magonjwa, nywele za abiria aliyekaa mbele, kwa sauti kubwa, kana kwamba tuko jikoni kwetu. Mimi nami nilikuwa nimezoea hivyo. Nilikaa hatua tatu kutoka kwa mtu pekee katika mtaa ule aliyesikia Kiswahili, nikajiachia. Niliamini anachojua ni lete na toa. Niliona maongezi marefu hayamwingii. Nikamwaga yote. Dada akanijia juu, "Sasa wewe uko live-in ya kulala kazini ama uko rumande? Toroka!" Nikamwambia, "Nitoroke bila pasipoti niende wapi? Dada, amesema mzee akiacha kusema Kiswahili ndiyo atanifungulia. Sasa niombe nini mimi? Niombe ulimi wa mzee wa watu ufe? Nampenda huyu mzee. Lakini nitazeekea humu, dada, wallahi, nitazeekea humu nikisubiri, na sitakuwa nesi, sitakuwa chochote." Nililia kwa sauti. Dada naye akalia huko aliko. Nilipoweka simu chini nikamtazama Mzee. Macho yalikuwa yamefumba, kidevu kifuani. Nikamfunika miguu.

Kesho yake asubuhi nikaingia na uji. "Mzee, umeamkaje?" Kimya. "Uji huu hapa." Kimya. Nikadhani kanuna, maana alikuwa mnunaji mzuri. Mchana kimya, jioni kimya. Nikamsongea ugali, akaufungulia mdomo nilipomlisha, lakini hakuinua mkono kumega. Siku ya pili nikamtania, nikamwambia yule bwana mnene anakuja na mifuko kubeba chakula. Hata nyusi hazikusogea. Siku ya tatu nikaogopa. Nilimwimbia, nikamshika mashavu, nikamwambia, "Mzee, nitukane basi. Niamrishe. Niite Saumu." Alitazama dirishani. Kitanda kikilowa, hakusema. Akisikia baridi, hakusema. Nilijua kwa kugusa vidole. Lady Grania alikuwa anapanda na kushuka ngazi kila saa, anapiga magoti mbele ya kiti chake, "Papa? Papa?" kisha ananigeukia, "Mwambie kitu. Mwambie chochote!" Nami namwambia, kwa Kiswahili cha shamba, kwa Kiswahili cha kwetu, kwa kubembeleza. Hakuna kitu.

Ijumaa ya wiki ya pili akaletewa samaki. Ninaamini Lady Grania alifanya makusudi, maskini, alitaka asikie zile kelele. Alimwekea sahani mbele yake kwa mikono yake mwenyewe, samaki mweupe wa mvuke, akakaa upande wa pili wa meza, akangoja. Mimi nilisimama nyuma ya kiti na kitambaa. Mzee akautazama ule mnofu. Akachukua uma kwa mkono wake mzima. Akala. Alikula kipande kwa kipande, polepole, akimeza kwa shida, akala mpaka sahani ikabaki miiba, na jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Hakusema neno. Lady Grania alijifunika uso kwa mikono. Mimi nilikwenda jikoni nikalia kwenye sinki, nikasema, amekwisha. Mzee wangu amekwisha.

Daktari alikuja, akampiga mwanga machoni, akagonga magoti. Akasema inatokea. Akasema lugha ya mwisho nayo imezimika, tusitarajie irudi. Alisema maneno hayo koridoni, mlango wazi, kwa sauti ya kawaida, na Mzee yuko pale kwenye kiti anatazama mvua. Lady Grania hakuhangaika tena. Siku mbili tatu alikaa chumbani kwake. Kisha akaniita, akafungua sefu, akanipa pasipoti pamoja na karatasi za chuo zenye sahihi yake, kama alivyoahidi. Uso ulikuwa umemshuka, amezeeka ghafla. "Sina haki ya kukushikilia," akasema. "Wauguzi wa Kiingereza watatosha sasa." Unajua nilihisi nini? Furaha. Ilinipanda kutoka miguuni, na hapo hapo nikajisikia vibaya kwa kuwa na furaha, nikashindwa hata kumwambia asante vizuri.

Asubuhi ya kuondoka ilikuwa mwisho wa Agosti. Teksi ilikuwa nje, makufuli yote mawili yamefunguliwa, Lady Grania yuko chini anaongea na dereva kuhusu sanduku langu. Nilipanda kumuaga Mzee. Alikuwa kwenye kiti chake, amenyolewa na muuguzi mpya, vibaya, amemwachia vinyweleo chini ya kidevu. Blanketi limepindishwa. Mguu mmoja hauna soksi. Nikapiga magoti kumvisha soksi, na nilipouona ule mguu mweupe umepoa, moyo ukakataa. Nikasema, hapana. Nani atajua kwamba anasikia baridi? Nani atajua anataka choo? Chuo kitu gani? Nikasimama nikaanza kuvua koti langu. Kwikwi zilinipanda, nikasema, "Mzee, siendi. Nabaki hapa na wewe. Nitawaambia sasa hivi."

Nilihisi mkono wake umenishika koti, unalivuta kulirudisha begani.

"Vaa koti, mwanangu," akasema. Hakikuwa Kiswahili cha shamba. Kilikuwa laini, cha Mombasa, cha mama mwenye leso pale ukutani. "Nawe lia taratibu. Wakisikia nasema, hutatoka tena humu."

Nilimkodolea macho. "Mzee! Kumbe unasema!"

"Sisemi," akasema. "Nenda kasome."

Chini Lady Grania aliniita kwamba dereva anangoja. Mzee alikwisha geuza uso kuelekea dirishani, mdomo umefunga. Nilivaa koti. Nilimvisha soksi, nikamnyoosha blanketi, nikashuka zile ngazi sijui hata miguu ilikanyaga wapi. Hakuniambia mapema kwa sababu alinijua. Uso wangu hausitiri kitu, ningemtazama mara moja tu mbele ya binti yake na mambo yangekuwa yamekwisha. Na kwa kweli angeniambia mapema nisingekubali. Nimewaza sana tangu hapo ni nini kile alichokitoa. Mtu mwingine angetoa fedha, angeandika barua, angegombana na binti yake. Yeye kusema ndiyo ilikuwa kazi yake tangu ujana. Walimnyang'anya kiti, ugonjwa ukamnyang'anya Kiingereza, akabaki na maneno yale machache ya yaya na ya shamba ambayo katika nyumba nzima yaliwafikia wawili tu, mimi na yeye. Hayo nayo akayafunga, kwa ajili ya mfagiaji wa hospitali. Najua mabwana wa kurithi wanasemwa vibaya huku na kwetu, na mengi wanastahili, hata babake na shamba lile la Njoro. Lakini mimi naeleza nilichokiona.

Aliishi miaka mitatu zaidi. Nilikuwa nakwenda kumwona Jumapili nilizopata nafasi, na Lady Grania alinikaribisha vizuri, anatuletea chai, anakaa nasi. Ikitokea ameitwa kwenye simu tukabaki wawili, nilimnong'oneza Mzee, "Sema nami kidogo tu, nimeshatoka, hakuna wa kunirudisha." Alitikisa kichwa. Alihofia binti yake, nadhani. Alihofia ajue kwamba baba yake alikaa kimya mbele yake kwa hiari, akala samaki yule, akamwona akilia na hakumwambia kitu. Hilo lingemuua. Basi akalibeba mwenyewe.

Siku niliyomaliza masomo nilikwenda nikiwa na sare yangu ya kwanza, bluu, imepigwa pasi mpaka inasimama. Nilisimama mbele ya kiti chake akaniangalia kuanzia kola hadi viatu, kisha akarudi kwenye kola, na machozi yakamtiririka mashavuni, yanashuka tu. Lady Grania alikuwa kando yangu na sinia la chai. Akatoa leso akamfuta, akaniambia polepole, kwa huruma, ili nisiumie, "Usijali, Mshai. Daktari anasema ni udhaifu wa macho. Hakujui tena."

"Ndiyo, madam," nikamwambia. "Hanijui."